Kuruka kwa Mwavuli Diani: Usalama Unaanzia Chini

Yafuatayo ni mazungumzo ya mkaazi mmoja wa Ukunda ambaye hushiriki mchezo wa kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Aliyatoa katika kikao cha wananchi kilichohudhuriwa na wavuvi, wauzaji wa ufuoni, wahudumu wa bodaboda, akina mama na vijana wa Kaunti ya Kwale. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi wote.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya ile miavuli ya rangi mnayoiona angani Diani, hasa siku za wikendi. Wengi wenu mnaiona kila mara, lakini ni wachache waliowahi kupata nafasi ya kuuliza. Wale ni kina nani? Wanatafuta nini? Na sisi tulio chini tufanye nini mmoja wao akituangukia shambani?

Mimi ni mama wa watoto wawili na siku za kazi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Kuruka ni mchezo wangu, kama vile mwingine anavyopenda kandanda au mashindano ya ngalawa. Nimeruka zaidi ya mara 200. Sikuja kumshawishi mtu yeyote aruke. Nimekuja kuwaeleza mchezo huu unavyokwenda siku kwa siku, na kuwaomba mambo machache ambayo yanaweza kuokoa maisha, yetu na yenu.

MCHEZO WENYEWE

Ndege hupanda kwa muda wa dakika 20 hivi hadi urefu wa futi 10,000 au zaidi, yaani kilomita tatu na zaidi kidogo. Mlango unafunguliwa, tunatoka. Mtu akianguka akiwa amelalia tumbo hufikia mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Futi 1,000 za kwanza humchukua kama sekunde 10, kisha kila futi 1,000 zinazofuata ni sekunde tano na nusu hivi. Kwa hiyo kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, mahali ambapo wengi wetu tunakuwa tunafungua mwavuli, ni kama sekunde 35 au 40. Basi. Baada ya hapo unaelea kwa dakika nne au tano ukiuongoza mwavuli hadi chini.

Mwavuli wa siku hizi si duara kama ule wa sinema za vita vya zamani. Una umbo la bawa, umeshonwa kwa mifuko inayojaa hewa, na unakwenda mbele wenyewe. Mrukaji ana kamba mbili za kuongozea, mkono wa kulia na wa kushoto. Akivuta ya kulia anageuka kulia, akivuta ya kushoto anageuka kushoto, na akivuta zote mbili karibu na ardhi mwavuli unapunguza mwendo ili atue kwa miguu. Hauna injini. Akishapita mahali alipotaka kutua, hawezi kupanda tena akajaribu upya.

Sasa piga hesabu. Siku nzima uwanjani unaweza kuruka mara mbili au tatu, kwa hiyo utaanguka angani kwa dakika mbili tu. Saa zilizobaki unafanya nini? Unakunja mwavuli, unakagua vifaa, unatazama upepo, unasubiri zamu, unasubiri ndege ya abiria itue kwanza, unasubiri wingu lipite. Anayeujua mchezo huu kwa video za simu hudhani ni mchezo wa ujasiri. Sisi tunaoucheza tunaujua kama mchezo wa subira. Wazee walisema kawia ufike, nasi tunaishi kwa msemo huo.

SWALI LA MAMA

Nilipoanza, mama yangu hakuniuliza kama ninaogopa kufa. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, wewe umekubali hatari yako. Yule anayeuza madafu pale chini, yeye amekubali lini?"

Swali hilo limekaa nami hadi leo, na ndiyo sababu nilikubali mwaliko huu. Ufuo wa Diani ni wa watu wengi. Kuna wavuvi wanaotandaza nyavu, watoto wanaocheza mpira, ngamia wanaobeba watalii, vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, akina mama wanaouza leso na vikoi. Sisi tunaoshuka kutoka juu ni wageni katika nafasi hiyo. Wajibu wa kwanza ni wetu. Tukiona ufuo umejaa, tutafute pahali pengine pa kutua, na tukikosa, tusiruke kabisa.

Niwaeleze ukweli wa hatari. Chama cha warukaji cha Marekani, kiitwacho USPA, huweka hesabu ya kila mwaka. Mwaka wa 2023 kilirekodi vifo 10 katika miruko takriban milioni 3.65. Mwaka wa 1961, enzi ambapo miruko ilikuwa michache sana, vilikuwa 14. Kwa hiyo mchezo umekuwa salama zaidi, na vifaa vimesaidia sana. Lakini kuna jambo linalowashangaza watu: ajali nyingi hutokea mwavuli ukiwa umefunguka vizuri kabisa. Mtu anageuka kwa ghafla akiwa karibu na ardhi, labda kwa kumkwepa mtoto aliyekimbilia mbele yake, au kwa kugundua kwamba upepo umebadilika. Mwavuli ukigeuka kwa nguvu hupiga mbizi. Ukiwa futi 1,000 juu, hilo si tatizo. Ukiwa futi 50, ni hospitali, au kaburi.

Ndiyo maana nasema usalama unaanzia chini, pale mnaposimama ninyi.

UPEPO, MAJI NA SAA

Wavuvi walioko hapa wanaelewa jambo hili kuliko mimi. Kabla sijafungua mlango wa nyumba nikienda kuruka, nimeshajua mambo matatu: upepo unatoka wapi na una nguvu gani, maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi, na mawingu yako urefu gani.

Tuanze na upepo. Mwavuli wa mwanafunzi huenda mbele kwa kilomita 30 hivi kwa saa. Upepo ukiwa na nguvu hiyohiyo na wewe umeuelekea, unasimama angani kama tai. Ukizidi, unarudishwa nyuma na huoni unakokwenda. Kwa kanuni za USPA, mwanafunzi anayeruka peke yake haruki upepo wa ardhini ukizidi maili 14 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 22. Msimu wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, zipo siku nyingi tunazofika uwanjani tukanywa chai na kurudi nyumbani. Alfajiri nayo ina jambo lake. Umande ukivuma kutoka bara, unamsukuma mrukaji kuelekea baharini. Mchana upepo wa bahari unamsukuma kuelekea minazi, nyaya na mapaa ya makuti.

Kuna pia upepo mbaya usioonekana. Upepo ukipita juu ya mivinje mirefu au jengo la ghorofa, upande wa pili hewa huzunguka na kuchafuka, kama maji yanavyochafuka nyuma ya mwamba. Mwavuli ukiingia humo unaweza kupoteza hewa na kujikunja. Kwa hiyo hatuutaki uwanja ulio nyuma kidogo tu ya jengo, hata uwe mpana.

Maji nayo. Mnajua siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu inaweza kukaribia mita nne. Ufuo uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri unaweza kuwa ukanda mwembamba wenye watu wote wamebanana chini ya miti. Mtu akiangalia upepo bila kuangalia jedwali la maji, atajikuta angani hana pa kutua. Na maji yakikupwa kabisa, kuna mawe na matumbawe yanayokata miguu.

Mawingu ni mepesi kueleza. Haturuki kupita ndani ya wingu, kwa sababu hatuoni ardhi, hatuoni wenzetu, na rubani wa ndege nyingine hatuoni. Msimu wa masika tunaweza kukaa wiki nyingi bila kuruka. Hilo nalo lina mwongozo wake. Kwa USPA, mwenye leseni ya kwanza, inayoitwa A, akikaa zaidi ya siku 60 bila kuruka, anashauriwa arudi kwa mwalimu kwanza. Mikono husahau, kama ilivyo kwa dereva.

Pia anga si yetu peke yetu. Uwanja wa ndege wa Ukunda unatumiwa na ndege za abiria, na Mombasa hapo ng'ambo kuna uwanja wa kimataifa wa Moi. Kanuni za usafiri wa anga duniani zinakataza kuruka kwa mwavuli, isipokuwa kwa dharura, bila kufuata masharti ya mamlaka inayohusika. Hapa nchini msimamizi wa anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Rubani huwasiliana na waongozaji wa ndege, na wakisema subirini, tunasubiri.

MKOBA MGONGONI

Watu huniuliza, "Na mwavuli usipofunguka?" Mkoba ninaobeba mgongoni una miavuli miwili. Mmoja ni mkuu, ambao ninaukunja mwenyewe kila baada ya kuruka. Wa pili ni wa akiba, na huo siugusi. Unakunjwa na fundi mwenye leseni. Marekani sheria inataka mwavuli wa akiba ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180, hata kama haujawahi kutumika.

Kifuani nina vishikio viwili. Cha kulia kinautupa mwavuli mkuu ulioharibika. Cha kushoto kinafungua wa akiba. Mfuatano ni huo, kulia kwanza, kushoto baadaye, kwa sababu miavuli miwili ikifunguka pamoja inaweza kusokotana. Kila siku ya kuruka ninaurudia mfuatano huo kwa mikono nikiwa nimesimama nyumbani, na watoto wangu wanaujua kama wimbo.

Halafu kuna kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima mwendo na urefu. Mtu akizimia au akipoteza hesabu ya muda, na bado anaanguka kwa kasi akifika karibu futi 750, kifaa hicho hufungua mwavuli wa akiba chenyewe. Cha kwanza cha aina hii kutumika kwa wingi kilitoka Ujerumani mwaka wa 1991, na kimeokoa watu wengi. Lakini hatukitegemei. Ni kama mkanda wa usalama ndani ya matatu: unaufunga, na dereva bado anatakiwa kuendesha vizuri.

Kukunja mwavuli ni kazi ya mgongo na magoti. Mzoefu huchukua dakika 10 hadi 20, anayejifunza anaweza kumaliza saa nzima akitoka jasho. Kamba zote zinapangwa, kila mfuko wa kitambaa unanyooshwa, kisha hewa yote inakandamizwa hadi kitambaa kikubwa kama sakafu ya vyumba viwili kiingie ndani ya mfuko mdogo. Hapa pwani tuna maadui watatu: jua, chumvi na mchanga. Jua hudhoofisha kitambaa cha nailoni, kwa hiyo hatuuachi mwavuli nje. Chumvi ikikauka kwenye kamba inazila, kwa hiyo ulioangukia baharini huoshwa kwa maji baridi mengi na kuanikwa kivulini. Mchanga hujificha kila mahali, kwenye vishikio na kwenye vyuma, na kazi ya kuutoa haiishi.

MWILI, PESA NA FAMILIA

Mwenye mafua haruki, kwa sababu masikio na pua iliyoziba havistahimili mabadiliko ya hewa. Aliyekunywa pombe, aliyekesha, au aliyetoka kugombana nyumbani na akili haijatulia, haruki. Kwa vijana wanaofanya kazi ya kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, zingatieni sana: ukitoka chini ya maji, mwili una gesi iliyoyeyuka ndani ya damu, na ukipanda juu haraka gesi hiyo hutoka kama soda iliyofunguliwa. Wengi wetu hukaa saa 24 baada ya kupiga mbizi ndipo tupande ndege. Ndugu yetu akikuambia ni sawa kupiga mbizi asubuhi na kuruka jioni, mkatalie.

Kuhusu pesa, nisiwafiche. Mchezo huu ni ghali. Seti mpya kamili ya vifaa hugharimu maelfu ya dola za Marekani, bei ya bodaboda kadhaa. Wengi wetu tunakodisha au tunanunua vilivyotumika, na cha mtumba hakinunuliwi kabla fundi hajakikagua. Mimi nina kanuni moja nyumbani: karo na chakula kwanza, kuruka baadaye. Ipo miezi sijaruka kabisa kwa sababu ya karo, na sikupungukiwa na kitu.

Bima ni jambo la kusoma kwa makini. Bima nyingi za maisha na za ajali huweka michezo ya hatari kando. Soma maandishi yote, yale madogo pia, na umwulize wakala swali hilo moja kwa moja, akujibu kwa maandishi. Na familia yako ijue uko wapi, unatumia vifaa vya nani, na ipige simu wapi ukichelewa kurudi. Kuwaficha wazazi au mke au mume ni kuwaachia mzigo wasioujua.

UKIMWONA MRUKAJI AKISHUKA

Sasa nifike kwenye ombi langu. Naomba mambo haya myapeleke kwenye vikundi vyenu, vya uvuvi, vya ufuoni, vya Nyumba Kumi, na shuleni.

Moja. Mwavuli ukishuka, simama ulipo na umtazame. Usikimbie kumlaki. Mrukaji anaweza kumkwepa mtu aliyesimama. Anayekimbia huku na huku hawezi kumkadiria. Waiteni watoto kando, na wenye ngamia au mifugo wawashike kamba, kwa maana mnyama hushtuka.

Mbili. Akishatua, usikanyage kamba wala kitambaa. Kamba ni nyembamba lakini zina nguvu, na zinaweza kukunasa mguu upepo ukiuinua mwavuli tena. Ukimwona anaburutwa, zunguka, shika pembe moja tu ya kitambaa na uivute kwako. Hewa itatoka na mwavuli utalala. Usishike kamba zote kwa pamoja.

Tatu. Akitua juu ya mnazi au mti mwingine, mwambieni atulie hapohapo. Wengi huumia wakijaribu kujishusha. Usikate kamba, maana huenda ndizo zinazomshikilia. Leteni ngazi na watu wanaojua.

Nne. Akinasa kwenye nyaya za umeme, usimguse, usiguse mwavuli, na usilete ngazi wala mti wa kumwondolea. Wazuieni watu wote wakae mbali. Pigieni Kenya Power, nambari 97771, na mngoje wathibitishe umeme umezimwa. Huruma ya haraka hapa huua wawili.

Tano. Akiangukia baharini, mwenye boti aende polepole, aje kwa upande usio na kitambaa, na azime injini kabla ya kuufikia mwavuli. Kamba zikizunguka panga la injini mtakuwa na ajali mbili. Mshikeni mtu kwanza, kichwa chake kikae juu ya maji. Mwavuli unaweza kungoja.

Sita. Akiwa ameumia, msimwinue wala kumkalisha. Msimvue helmeti kama anapumua vizuri. Shingo na mgongo wake visisogezwe. Msimweke nyuma ya bodaboda hata kama anasema yuko sawa. Pigeni 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199. Toeni jina la mahali mnapofahamika vizuri, hoteli, msikiti, shule au barabara ya kuingilia, na mtume mtu mmoja barabarani aelekeze gari. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Njia ikiwa wazi, kila dakika inahesabika.

Saba. Kuna wakati utaona kitambaa kikielea peke yake bila mtu. Usidhani mtu ameanguka. Mara nyingi ina maana kwamba mrukaji ametupa mwavuli mkuu na sasa yuko chini ya ule wa akiba, pengine upande mwingine wa anga. Tafuta mwavuli wa pili kwa macho. Kitambaa kile kinaweza kupeperushwa mbali, hadi shambani kwako. Ukikiokota, tafadhali usikikate kufunikia nyanya au kutengeneza hema. Kiweke kivulini, usikikunje, umwarifu chifu au kituo cha polisi au upeleke habari uwanja wa ndege. Pamoja nacho huenda kuna kimwavuli kidogo na mfuko wake; navyo vina thamani kubwa, na kuvikosa kunaweza kumzuia mtu asiruke kwa miezi. Mrukaji naye akitua shambani kwako na kuharibu mimea, ana wajibu wa kukuona, kuomba radhi na kulipa. Chukua jina lake na la wanaomhudumia, mmalizane kwa utaratibu mbele ya mzee wa mtaa.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Njia ya kawaida ya kuanza ni kuruka ukiwa umefungwa kifuani mwa mwalimu, chini ya mwavuli mmoja mkubwa. Kabla ya kulipa, uliza. Je, mna idhini ya KCAA? Mwalimu ana leseni gani na ya chama gani? Mwavuli wa akiba ulikaguliwa lini, na naweza kuiona kadi yake? Kile kifaa cha kujifungua chenyewe kimewashwa? Hali ya hewa ikiharibika, pesa zangu zinarudishwa au naahirishiwa siku? Anayefanya kazi vizuri atakujibu bila kukasirika. Anayekuharakisha, mwachie pesa zake za kesho.

Sema ukweli kuhusu uzito wako, moyo, mgongo, presha, ujauzito na dawa unazotumia. Vaa viatu vinavyofungwa vizuri, kula chakula chepesi, usije na njaa. Ukifika mlangoni wa ndege na moyo ukakataa, una haki ya kurudi chini na ndege. Hakuna aibu.

Anayetaka leseni yake mwenyewe ajue safari ni ndefu. Kwa kanuni za USPA leseni ya A inahitaji miruko isiyopungua 25, B miruko 50, C miruko 200 na D miruko 500, pamoja na mitihani. Na kabla ya kupata B, lazima ufanye mafunzo ya kutua majini, ukiwa ndani ya maji na kitambaa kimekufunika, ujifunze kujinasua. Kwetu pwani, mimi naona somo hilo lingekuwa la kwanza.

Vijana mlioniuliza kuhusu kazi, zipo, ingawa si nyingi. Anahitajika mkunja miavuli, na ustadi huo hulipwa kwa kila mwavuli. Anahitajika mpiga picha, nahodha wa boti ya uokoaji, mtu wa redio anayeangalia upepo ufuoni, na mwenye cheti cha huduma ya kwanza. Cheti cha huduma ya kwanza na cha kuogelea na kuokoa kitakufaa hata kama hutauona mwavuli maishani mwako, kwa hiyo anzeni na hivyo.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, katika uwanja wetu kuna maneno mawili ambayo kila mrukaji mzuri ameyasema mara nyingi: leo hapana. Upepo umepanda, leo hapana. Ufuo umejaa watoto wa shule waliokuja matembezi, leo hapana. Sina usingizi, leo hapana. Pesa imeshalipwa, ndege imeshawashwa, mtalii anarudi kwao kesho, na bado jibu linaweza kuwa hilo. Mtu asiyeweza kuyatamka hafai kufundisha wala kuruka.

Nawapa ninyi pia ruhusa ya kuyasema. Mkiona tunatua pahali penye watu, au mkaona miavuli angani upepo ukiwa mkali kiasi kwamba hata ngalawa zimebaki ufuoni, msinyamaze mkisema wale ni wataalamu. Mwambieni msimamizi wa uwanja, mwambieni mwenyekiti wa ufuo, mwambieni chifu, au mwandikieni KCAA. Mvuvi aliyekaa baharini miaka 40 anaujua upepo wa Diani kuliko mimi mwenye miruko 200, na ningependa anikaripie leo kuliko kuja kunifariji wodini.

 Niko tayari kwa maswali.